Wale Wamalaysia waliokuwa wakiandika

Tulikuwa msibani, Ngamiani, tumekaa chini ya turubai tukisubiri chakula. Kijana mmoja akavuta kiti chake cha plastiki karibu na changu, akaniamkia, nikaitikia.

"Balozi," akasema, "hivi wale Wamalaysia waliokuwa wakiandika, wameishia wapi?"

Sikuwahi kuwa balozi. Nilistaafu nikiwa Afisa Mambo ya Nje, cheo cha kuandika hotuba zitakazosomwa na wengine. Lakini Tanga, ukishakaa nje kwa kazi ya Serikali, wewe ni balozi tu, na nilishaacha kubishana nao.

Kijana huyu tulikuwa naye Kuala Lumpur. Bado yuko kazini, kwa hiyo jina lake halimo humu. Alikuwa akinikuta asubuhi nimefungua blogu kabla sijagusa magazeti, akidhani natafuta mpira. Nikamjibu kwa kifupi: mmoja akawa mbunge, mmoja akakimbilia Uingereza, na mmoja akarudi kuwa waziri mkuu akiwa na miaka 92. Akacheka. Halafu akauliza jingine, kwa sauti ya chini kidogo.

"Na sisi tuliokuwa tunawasoma?"

Sinia likaletwa, tukanawa.

Wiki zimepita sasa, na swali la kwanza limeshatoka kichwani. La pili halitoki.

## Blogu kabla ya magazeti

Ukifika kituo kipya unakabidhiwa orodha ya magazeti ya kusoma. Kwa Kuala Lumpur orodha hiyo ilikuwa na faida ndogo. New Straits Times na Utusan Malaysia yalikuwa ya upande wa UMNO, chama kikubwa ndani ya muungano tawala wa Barisan Nasional. The Star lilikuwa la MCA, chama cha Wachina ndani ya muungano huohuo. Juu ya hapo kulikuwa na sheria ya uchapaji ya 1984, iliyomtaka mwenye gazeti aombe kibali upya kila mwaka. Na wahariri wote walikumbuka Oktoba 1987, wakati wa Operesheni Lalang, watu zaidi ya 100 walipotiwa kizuizini na magazeti matatu yakafungiwa. Mhariri aliyeyaona hayo hangoji simu ya waziri. Anajua mwenyewe sentensi iishie wapi.

Kwa hiyo magazeti yalikupa ratiba ya waziri mkuu. Ukitaka kujua kwa nini waziri fulani na fulani hawasalimiani, ulifungua Screenshots ya Jeff Ooi, au Rocky's Bru ya Ahirudin Attan aliyewahi kuwa mhariri, au Malaysia Today ya Raja Petra Kamarudin. Huyu wa mwisho alikuwa jamaa wa ukoo wa kisultani wa Selangor. Aliandika kama mtu asiyemwogopa yeyote, na siku nyingine kama mtu asiyehitaji ushahidi pia. Nilijifunza kumsoma kwa jicho moja.

Aliyewafungulia mlango watu hawa ni Mahathir Mohamad mwenyewe, waziri mkuu wa wakati ule. Mwaka 1996 alizindua Multimedia Super Corridor, ukanda wa teknolojia kusini mwa jiji, akitaka kampuni kubwa za kompyuta duniani zije kuweka ofisi. Kuzivuta, serikali yake iliahidi kwa maandishi kwamba haitachuja intaneti. Sheria ya mawasiliano ya 1998 nayo ikasema wazi kwamba hakuna kifungu chake kitakachotafsiriwa kuwa ruhusa ya kuchuja intaneti. Ahadi ilitolewa kwa wawekezaji. Mwaka uleule wa 1998 alimfukuza naibu wake, Anwar Ibrahim, na wafuasi wa Anwar wakaingia kwenye mlango huo kwa makundi, na tovuti za Reformasi, vuguvugu lao la mageuzi, zikajaa. Mwaka uliofuata Malaysiakini, gazeti la mtandaoni, ikaanza kazi.

Wazee wetu kazini walimheshimu sana Mahathir. Walimjua tangu Tume ya Kusini, ile ya nchi zinazoendelea, yeye akiongoza kamati ya maandalizi na Mwalimu akija kuiongoza Tume yenyewe, 1987 hadi 1990. Alikuwa mtu aliyewajibu Wazungu. Kwa kizazi kile hilo lilitosha, na sisemi kwamba walikosea.

## Jumamosi ya Machi

Mwaka 2007 waziri wa utalii, Tengku Adnan Mansor, alinukuliwa akisema wanablogu ni waongo na kwamba wengi wao ni wanawake wasio na kazi. Mwaka huohuo Jeff Ooi na Ahirudin Attan walishtakiwa kwa kashfa na kampuni ya New Straits Times. Kesi ile ilinifundisha jambo moja: gazeti la nchi, lenye jengo na mitambo na mawakili, limeona mtu mwenye kompyuta mezani kwake ni wa kupelekwa mahakamani. Niliandika hivyo kwenye ripoti. Nadhani ndiyo sentensi nzuri kuliko zote nilizoandika kule, na sijui kama kuna aliyeisoma.

Kisha ikaja Jumamosi, Machi 8, 2008, siku ya uchaguzi mkuu.

Nilikuwa nyumbani. Televisheni iliendelea kutaja majimbo yasiyo na ubishi, katikati wakipiga muziki. Kwenye kompyuta Penang ilikuwa imeshakwenda kwa upinzani. Baadaye kidogo ikaenda Selangor, jimbo tajiri linaloizunguka Kuala Lumpur. Ikaenda Kedah, ikaenda Perak. Kelantan ilikuwa tayari mikononi mwa upinzani na ikabaki huko. Hadi asubuhi muungano tawala ulikuwa na viti 140 kati ya 222: umeshinda, lakini theluthi mbili zimepotea, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1969. Waziri wa habari, Zainuddin Maidin, aliyekuwa akiwabeza wanablogu, alikosa kiti chake. Jeff Ooi akawa mbunge wa Jelutong, Penang. Tony Pua, mwanablogu mwingine aliyekuwa na kampuni ya kompyuta kabla ya siasa, akachukua Petaling Jaya Utara.

Wiki chache baadaye waziri mkuu, Abdullah Ahmad Badawi, alikiri hadharani kwamba kosa lao kubwa lilikuwa kuidharau intaneti.

Sijawahi kukubaliana naye moja kwa moja. Blogu zilikuwa za watu wa mjini wanaojua Kiingereza. Kule vijijini Kedah watu walisikiliza ceramah, mikutano ya usiku ya wapinzani. Bei zilikuwa zimepanda. Novemba 2007 maelfu waliandamana kudai uchaguzi safi, na mwezi huohuo Wamalaysia wenye asili ya India wakaingia barabarani chini ya bendera ya HINDRAF. Mtu aliyepigwa maji ya kuwasha hahitaji blogu kumweleza kwamba ana hasira. Lakini kwa Badawi kulaumu intaneti kulikuwa na nafuu. Ukisema umeshindwa vita ya mitandao, dawa ni kununua kompyuta. Ukisema watu wamekuchoka, dawa ni ngumu zaidi.

Na kompyuta kweli zikanunuliwa. Umoja wa vijana wa UMNO ukatangaza kwamba anayegombea uongozi lazima awe na blogu. Nilizipitia baadhi yake. Picha za kukata utepe, salamu za Idi, na ukurasa wa "kuhusu mimi" mrefu kuliko yote mengine.

## Septemba 11, Septemba 12

Agosti 2008 mamlaka ya mawasiliano iliamuru Malaysia Today izuiwe. Kelele zikapigwa, na baadhi zilitoka kwa watu wa biashara waliokumbuka ile ahadi ya 1996. Septemba 11 tovuti ikafunguliwa. Baraza la mawaziri lilikuwa limeona aibu.

Septemba 12 mwenye tovuti akakamatwa.

Raja Petra alichukuliwa chini ya ISA, sheria ya usalama wa ndani ya 1960 iliyoruhusu kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Siku hiyohiyo alikamatwa mbunge wa upinzani, Teresa Kok, na mwandishi wa gazeti la Sin Chew, Tan Hoon Cheng. Mwandishi aliachiwa kesho yake, na maelezo ya waziri yakawa kwamba alishikwa kwa usalama wake mwenyewe. Waziri wa sheria, Zaid Ibrahim, akajiuzulu. Hilo nalo lisisahaulike, maana mawaziri wanaojiuzulu kwa jambo kama hilo ni adimu popote.

Kilichonikaa ni jina la waziri wa mambo ya ndani: Syed Hamid Albar. Kwa miaka tisa, tangu 1999 hadi Machi ile, huyu alikuwa waziri wa mambo ya nje. Sisi wa balozi tulimjua kwa karamu na mikutano: mpole, msikivu, anayekumbuka nchi yako iko upande gani wa Afrika. Miezi sita baada ya kuhama wizara, kuwekwa kizuizini kwa mwanablogu kukawa mikononi mwake.

Nilijaribu kuandika hilo kwenye ripoti nikashindwa. Ripoti ina nafasi ya "kimetokea nini" na ya "nini athari kwa nchi yetu". Haina nafasi ya mtu uliyempa mkono kugeuka mwingine, au pengine kuwa yuleyule siku zote.

Mahakama Kuu ya Shah Alam iliamuru Raja Petra aachiwe, akatoka Novemba 7. Mwaka uliofuata hakuonekana mahakamani kwenye kesi zake nyingine, na baadaye akajulikana yuko Uingereza.

## Wameishia wapi

Hapa ndipo jibu langu la msibani lilipokuwa fupi mno.

Jeff Ooi alikaa bungeni vipindi viwili. Mtu aliyeshtakiwa kwa maneno yake alikuja kuungua kwa maneno yake: mwaka 2016, alipofariki kiongozi wa kiroho wa chama cha Kiislamu cha PAS, Haron Din, aliandika kwenye Twitter mistari ya kumuaga ambayo Waislamu wengi waliiona kejeli, hata wenzake wa upinzani wakamlaumu. Uchaguzi wa 2018 hakugombea.

Raja Petra, akiwa Uingereza, aligeuza kalamu. Aliowatetea akawa anawashambulia, hasa Anwar. Watu walisema amenunuliwa. Mimi sina ushahidi, na mtu aliyewekwa kizuizini mara mbili chini ya ISA, 2001 na 2008, namwachia nafasi ya kukata tamaa kwa namna yake.

Tony Pua ndiye niliyemfuatilia zaidi. Alianza kuuliza kuhusu mfuko wa serikali wa 1MDB wakati wengi hawajausikia. Mfuko huo uliundwa 2009 chini ya Najib Razak, waziri mkuu aliyemrithi Badawi, na mwaka uleule dola milioni 700 zikaelekezwa kwenye kampuni iliyohusiana na Jho Low, kijana ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini. Pua aliuliza bungeni, akaandika, akaitisha waandishi. Julai 2015 alizuiwa kutoka nje ya nchi. Mwezi huohuo Wall Street Journal lilitoa habari ya karibu dola milioni 700 kwenye akaunti binafsi za Najib. Tovuti ya Sarawak Report ya Clare Rewcastle Brown, mwandishi aliyezaliwa Sarawak na kuishi London, ikazuiwa. Gazeti la The Edge likasimamishwa miezi mitatu.

Ile ahadi ya kutochuja intaneti ilikuwa bado imo kwenye sheria.

## Mzee na kalamu yake

Mahathir ana sura yake peke yake.

Miaka ya mwisho ya 1940, akiwa mwanafunzi wa udaktari Singapore, aliandikia gazeti la huko kwa jina la C.H.E. Det. Mwaka 2008, miaka mitano baada ya kuacha uwaziri mkuu, alifungua blogu na kuiita kwa jina hilohilo, Chedet. Magazeti aliyoyabana miaka 22 hayakuwa yakimpa nafasi ya kumsema mrithi wake. Akahamia kulekule walikohamia wale aliowafunga.

Na aliandika vizuri! Sentensi fupi, aya zenye namba kama hati ya wizara, na dharau iliyokunjwa ndani ya adabu. Alimwandama Badawi hadi Badawi akaondoka 2009. Baadaye akamgeukia Najib. Nilimsoma kwa furaha ambayo sikuitarajia, maana nilishazoea kumsoma kwenye hotuba, na kwenye hotuba hakuwa na haraka hivyo.

Lakini soma kwa makini. Ukurasa baada ya ukurasa anahoji mahakama, polisi, vyombo vya habari, chama. Nani alivifanya hivyo vilivyo? Mwandishi huyu ana kumbukumbu kali ya makosa ya wengine. Mwaka 1987 haumo.

Mei 9, 2018 alishinda, safari hii akiwa upande wa upinzani, na kesho yake akaapishwa. Muungano wake wa Pakatan Harapan ulikuwa umeahidi kuifuta Sheria ya Uchochezi ya 1948, ileile ya Waingereza. Hawakuifuta. Sheria dhidi ya habari za uongo, iliyopitishwa haraka na serikali ya Najib wiki chache kabla ya uchaguzi, ilichukua hadi mwisho wa 2019 kufutwa kwa sababu Seneti iliwakwamisha. Februari 2020 Mahathir akajiuzulu, na Chedet ikapata tena makali yake. Oktoba mwaka huo, baada ya mauaji ya Nice, aliandika kuhusu Ufaransa na ghadhabu ya Waislamu kwa maneno ambayo Twitter iliyafuta. Akasema amenukuliwa vibaya. Mwanadiplomasia yeyote anaijua sentensi hiyo. Tumeiandikia wakubwa wetu mara nyingi.

Nikaanza kuona mpangilio, na ukishauona huwezi kuacha kuuona. Mwanasiasa wa Malaysia huandika vizuri akiwa nje.

## Bossku

Ushahidi wangu mkubwa ni Najib mwenyewe.

Akiwa madarakani alikuwa na kila kitu cha mtandaoni: tovuti ya 1Malaysia, timu ya vijana, wafuasi kwa mamilioni. Uchaguzi wa 2013 aliuita uchaguzi wa mitandao ya kijamii. Akapata viti 133 kwa asilimia 47 ya kura, wapinzani wakapata karibu asilimia 51 na kubaki wapinzani. Kurasa zake wakati ule zilikuwa na uhai wa kalenda ya benki.

Akaangushwa 2018, akashtakiwa. Na hapo, jamani, mtu akajua kuandika. Facebook yake ikawa ya kejeli, takwimu na matani kwa Kimalay cha mtaani. Januari 2019, kwenye uchaguzi mdogo wa Cameron Highlands, likaibuka neno "Malu apa, bossku?", yaani aibu ya nini, bosi wangu? Mtoto wa waziri mkuu wa pili wa nchi, aliyelelewa katika nyumba za serikali, akapigwa picha na pikipiki na vijana. Alipohukumiwa Julai 2020, miaka 12 na faini ya ringgit milioni 210, watu waliendelea kumsoma. Agosti 2022 aliingia gereza la Kajang, na ukurasa haukunyamaza.

Nilikuwa nimejijengea imani, bila kuichunguza, kwamba anayeandika akiwa nje ya kiti anasema kweli zaidi ya aliyekaa. Najib aliivunja. Alikuwa nje, aliandika kwa ustadi, alihoji serikali kwa takwimu ambazo mara nyingi zilikuwa sahihi, na yote yaliegemea kwenye fedha ambazo hakuzieleza.

Na Anwar? Alikaa gerezani, akapigwa, akaandikiwa na vijana wa blogu kurasa zisizohesabika. Waziri mkuu tangu Novemba 2022. Sheria ya Uchochezi ingalipo. Tangu Januari 2025 mitandao yenye watumiaji zaidi ya milioni nane nchini humo inatakiwa kuwa na leseni.

Hili la mwisho sina hamu ya kulirefusha. Linajieleza.

## Sisi tuliokuwa tunasoma

Afisa wa siasa ubalozini anafanya kazi tatu: anasikiliza, anapembua, anaandika. Jeff Ooi alifanya hizohizo. Tulihudhuria mikutano ileile, tukanywa teh tarik kwenye vibanda vilevile. Yeye alibonyeza kitufe, nchi nzima ikasoma. Mimi niligonga muhuri wa SIRI, ikasoma meza moja.

Kwa miaka mingi niliona yangu ndiyo kazi ya maana, kwa sababu yangu ilikuwa siri. Desemba 2010 imani hiyo ilipata mtikisiko. WikiLeaks ilikuwa imeanza kumwaga nyaraka za balozi za Marekani, na magazeti ya Australia yakachapisha yale ambayo maafisa wakubwa wa Singapore waliwaambia Wamarekani kuhusu viongozi wa Malaysia. Yalikuwa maneno makali, mengine ya kuhusu tabia za watu binafsi. Malaysia ikamwita mwakilishi wa Singapore kujieleza.

Nilisoma yote usiku mmoja. Hakukuwa na kitu ambacho Malaysia Today haikuwa imekiandika miaka miwili kabla, kwa lugha ya ovyo zaidi. Mmoja alifungwa kwa kuyasema. Wengine walikuwa wamepandishwa vyeo kwa kuyasema.

Ripoti zetu sisi hazikuvuja. Nchi ndogo ina raha yake.

Halafu kuna deni. Kila ubalozi pale mjini ulizisoma blogu hizo bure. Tulizitumia kwenye ripoti zetu, tukaandika "kwa mujibu wa duru za ndani", na duru yenyewe ilikuwa bwana mmoja na kompyuta yake anayengojea mlango ugongwe. Alipokamatwa, balozi kubwa zilitoa matamko. Ndogo zilikaa kimya, kwa sababu tulikuwa na wanafunzi wetu kule, na biashara, na kura za Umoja wa Mataifa za kubadilishana. Hizo si sababu za kipuuzi. Ukiniweka pale leo kwa cheo kilekile, nadhani ningenyamaza tena, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko kama lingekuwa kosa la wazi.

## Kiinua mgongo

Kuna wanadiplomasia wa Malaysia waliostaafu wakaanza kuandika. Dennis Ignatius, aliyestaafu 2008 akitokea Kanada, amekuwa akiandika kwa ukali wa utulivu kuhusu ubaguzi na rushwa nchini mwake. Noor Farida Ariffin, aliyekuwa balozi Uholanzi, alikuwa miongoni mwa wastaafu 25 waliotoa barua ya wazi Desemba 2014 kuomba mjadala wa busara kuhusu dini na sheria. Mwaka uliofuata polisi walimchunguza kwa kauli yake kuhusu sheria za maadili, na vitisho vikafuata.

Nawasoma wawili hawa kwa heshima, na kwa wivu kidogo. Wanaandika kuhusu kwao.

Mstaafu ana tatizo lake. Siku anayopata ruhusa ya kusema, habari alizonazo zinaanza kuchacha. Yule wa ndani anajua na hasemi. Sisi wa nje tunasema na hatujui. 1MDB haikufichuka kwa wastaafu. Ilifichuka kwa sababu Xavier Justo, aliyefanya kazi kwenye PetroSaudi, kampuni iliyoshirikiana na 1MDB, alitoka na nyaraka, nia yake ikiwa imechanganyika na fedha, akaishia gerezani Thailand. Blogu ilikuwa mfereji tu.

Sasa nirudi kwangu. Tangu nianze blogu hii nimeandika kuhusu Kuala Lumpur zaidi ya mahali pengine, na wasomaji wameniambia naandika bila woga. Niwe na woga wa nini? Putrajaya, makao ya serikali yao, hawajui Kiswahili. Mahathir ametimiza miaka 100 mwaka 2025 bila kujua kuna mzee Tanga anayemchambua. Nikiandika Najib aliiba, hakuna wa kuniuliza leseni. Mwaka uleule wa 2018 Malaysia ilipopitisha sheria ya habari za uongo, hapa kwetu zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kuwa na leseni na kuilipia. Kuhusu zile za kwao nimeandika makala tatu. Kuhusu za kwetu, hesabu mwenyewe.

Kuna njia moja tu ya mada hizi mbili kukutana, na nimekuwa nikiizunguka. Mwaka 2013 Tanzania ilichukua mfumo wa PEMANDU, kitengo cha ofisi ya Najib cha kusimamia utekelezaji, kikiongozwa na Idris Jala. Sisi tukauita Matokeo Makubwa Sasa: sekta sita, maabara za wataalamu, vigezo, ratiba. Haukuwa mpango wa kijinga, na walioufanyia kazi walikesha kweli. Lakini wakati tunaambiwa hii ndiyo serikali ya kujifunza kwayo utendaji, maswali kuhusu 1MDB yalikuwa tayari mtandaoni, kwa Kiingereza chepesi, yana jina la mbunge aliyeyauliza. Ilihitaji mtu kuyafungua asubuhi, kabla ya magazeti.

Baadhi yetu tulikuwa tumeyafungua.

Vikao vya mwaka ule nakumbuka nani alikaa wapi, nani aliuliza kuhusu fedha na nani alibadili mada. Vingine kiapo hakiniruhusu kuvieleza hata leo. Vilivyobaki nitaviandika mwezi ujao, na nimeshamwomba kijana wa msibani asinipigie simu hadi vitakapotoka.